Ukali, Ugwadu na Ukakasi: Lugha ya Kuonja Kileo katika Nchi ya Meru na Embu

Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi kileo ambacho hakijakaa muda mrefu kinavyoonjwa na kuelezwa kwa maneno, na kuuliza kama Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa kazi hiyo. Mfano wetu mkuu ni muratina, pombe ya asali inayotengenezwa na watu wa Meru, Embu na Mbeere katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na katika nyanda kavu zilizo chini yake. Mfano wa pili, ambao tutauweka kando ya ule wa kwanza ili kuupima uwezo wa lugha, ni wa mbali: wiski ya rai iliyo changa, ambayo baada ya kukaa katika mapipa ya mwaloni humaliziwa katika mapipa yaliyokwisha kubeba mvinyo. Huenda msomaji akashangaa kuviona vileo hivi viwili vikitajwa kwa pumzi moja. Lakini swali linalomkabili mwonjaji ni lile lile: ladha hii iliyomo kinywani imetoka wapi? Imetoka katika asali au nafaka, katika chachu, katika umri, au katika chombo?

Mtafsiri akipewa leo maelezo ya wiski ya namna hiyo ayatie katika Kiswahili, aghalabu ataandika kwamba ni “kali” na “tamu”, kisha atanyamaza. Wengine watamlaumu kwa uvivu, na wengine wataulaumu umaskini wa lugha. Nionavyo mimi, lugha haina lawama hapa. Maneno yapo, ila yamelala jikoni, sokoni na vilabuni, wala wenye kuandika vitabu hawakuyaendea huko.

Kabla ya kuingia katika maneno, yatupasa kukielewa kitu chenyewe.

Asali peke yake haichachi. Sukari iliyomo ndani yake hukaribia sehemu 80 kwa 100, na maji huwa chini ya sehemu 20. Katika uzito huo wa sukari kijidudu cha hamira hunyonywa maji yake na kushindwa kuishi. Mpishi wa pombe huanza basi kwa kuizimua asali kwa maji. Zamani, katika nyanda za Mbeere na Tharaka, ambako mvua ni haba na mizinga ni mingi, masega yalikamuliwa majini kwa mkono na nta ikachujwa. Katika sehemu za juu zenye rutuba, kama vile Imenti na upande wa Runyenjes, maji ya miwa hutumika badala ya asali au pamoja nayo. Siku hizi sukari ya kiwandani imeingia kila mahali, na wazee huitambua kwa ulimi mara moja: utamu wake huisha upesi wala hauachi kitu nyuma.

Tunda linaloipa pombe hii jina lake ni la mti uitwao kwa Kiswahili mwegea au mvungunya, na kwa jina la kitaalamu Kigelia africana. Ni tunda refu na zito, nalo likiwa bichi ni sumu. Wengi hudhani kwamba hutiwa ili liongeze ladha au ukali, lakini sivyo. Tunda hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha huzoeshwa katika maji ya asali mpaka nyuzi zake zishike chachu. Likiisha kuzoea, kazi yake ni kuwa makao ya hamira. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, huanikwa na kuwekwa kwa ajili ya upishi ujao. Kwa hiyo kinachohamishwa kutoka pombe ya jana hadi pombe ya leo ni kitu hai. Tunda lililotunzwa vizuri ni mali, na mpishi mwenye busara haliazimishi ovyo.

Buyu nalo lina sehemu yake. Ngozi ya ndani ya buyu ina vinyweleo na mianya, na hata likioshwa haliachi kabisa kilichokuwamo. Waliolitumia kwa miaka mingi hulijua kila buyu kwa tabia yake: hili huchachusha upesi, lile huipa pombe harufu ya moshi. Huwekwa karibu na jiko, kwa sababu baridi ya mlimani huilaza hamira. Kwingineko Kenya elimu ya chombo imepelekwa mbali zaidi. Wakalenjin huisugua ndani ya kibuyu chao cha maziwa ya mursik kwa kijiti kilichochomwa, na makaa yale huyapa maziwa rangi ya kijivu na ladha yake mahususi.

Hapo ndipo wiski ya rai inapoanza kutufaa. Kwa sheria ya Marekani, wiski haistahili jina la rai isipokuwa angalau sehemu 51 kwa 100 za nafaka yake ni rai, na sharti ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Ili iandikwe kuwa ni wiski “nyoofu”, sharti ikae pipani si chini ya miaka 2. Kule Uskoti na Ireland wiski yoyote hungoja miaka 3. Ile ya miaka 2 au 3 bado ni changa: inawasha, ina harufu ya nafaka na ya majani mabichi, na ukali wake haujatulia. Baadhi ya watengenezaji huihamishia basi katika mapipa yaliyobeba mvinyo, ikae humo miezi kadhaa. Ubao ulioshiba mvinyo huirudishia wiski rangi, kisukari cha matunda na ule ukavu utokao katika maganda ya zabibu na katika mti wenyewe.

Mfano huu na ule wa muratina unafanana, lakini usilazimishwe kupita kiasi. Pipa la mvinyo na buyu la pombe vyote viwili vina kumbukumbu. Hata hivyo pipa hukumbuka kwa vitu vilivyoyeyuka, yaani rangi, asidi na sukari, ambavyo hupungua kila linapotumiwa mpaka liwe ubao mtupu. Tunda na buyu hukumbuka kwa uhai, na uhai huongezeka unapotunzwa. Kwa sababu hiyo pipa kuukuu hupungua thamani na tunda kuukuu huzidi thamani.

Inafaa kutaja kwamba maneno mawili makuu ya habari hii ya mbali tayari ni ya Kiswahili tangu karne nyingi. Pipa na mvinyo yote mawili yametoka katika Kireno, pipa na vinho, nayo yaliingia kwa njia ya biashara ya pwani, pengine kwa merikebu zile zile. Msemaji wa Kiswahili anaposema “mapipa ya mvinyo” hakopi chochote kipya. Wiski ndiyo mgeni hapa.

Majina ya asali na ya pombe

Katika mpangilio wa Guthrie, lugha za eneo hili zimo katika kundi E50: Kigikuyu ni E51, Kiembu E52, Kimeru E53, Kitharaka E54 na Kikamba E55. Möhlig alizichunguza kwa kirefu lahaja za mashariki ya Mlima Kenya katika kitabu chake cha mwaka 1974, nasi hatuna haja ya kurudia kazi hiyo. Tutazame neno moja tu. Kwa Kigikuyu nyuki ni njũkĩ na asali ni ũũkĩ. Shina ni moja, ngeli ndiyo inayobadilika. Kinyarwanda nacho huiita asali ubuki. Kikamba kimekwenda hatua moja zaidi, kwani huko uki ni pombe. Jina la kitu kinachotengenezwa limepewa kitu kilichotengenezwa, na hili ni ushahidi wa kihistoria kwamba pombe ya kale ya watu hawa ilikuwa ya asali kabla haijawa ya miwa wala ya sukari.

Kiswahili kimeubakiza mdudu na kumpoteza mwanawe: tunasema nyuki kwa shina la Kibantu na asali kwa neno la Kiarabu. Hasara si kubwa, lakini ipo. Msemaji wa Kimeru au Kiembu huusikia mzinga mzima katika jina la asali. Sisi twasikia duka.

Asali katika Meru haikuwa kinywaji cha starehe tu. Katika mahari ya Kimeru chombo cha asali huhesabiwa pamoja na mifugo, na mpaka leo mazungumzo ya ndoa hayatulii bila hicho. Pombe iliyotokana nayo ilikuwa ya wazee. Vijana walioipika na kuichota hawakuwa na ruhusa ya kuinywa. Jambo hili lina maana kwa mwanaisimu, kwa sababu msamiati wa kuonja ulikuwa mali ya rika moja. Rika hilo linapopungua, maneno hupungua nalo.

Kuonja ni kusikia

Kiswahili husema “nasikia harufu”, na wengi husema pia “nasikia ladha”. Kitenzi hiki cha sikio hufanya kazi ya pua na ya ulimi. Si jambo la Kiswahili peke yake: Kigikuyu hutumia kũigua, ambacho maana yake ya kwanza ni kusikia, kwa harufu na kwa hisia za mwili. Pamoja na hicho kipo gũcama, kuonja kwa makusudi, na kutoka hapo mũcamo, ladha. Tofauti kati ya viwili hivi ni ya maana. Anayeonja anatenda, anayesikia anatendewa. Mwonjaji hodari huonja mara moja, kisha hungoja asikie. Kile kinachosikika baada ya kumeza, ambacho Wazungu wana neno lake maalumu, sisi twaweza kukisema kwa urahisi kwa kitenzi tulicho nacho: ladha inayosikika nyuma.

Onja lenyewe limekwenda mbali katika Kiswahili. Mtu huonja mchuzi, huonja tabu, huonja mauti. Na kishungi cha ndevu kilicho chini ya mdomo huitwa kionjamchuzi, kwa mzaha usiohitaji kuelezwa.

Sasa tuje kwenye sifa zenyewe. Katika lugha za Bantu sifa za ladha hazikai zote katika aina moja ya maneno. Uchungu wa Kigikuyu ni kitenzi, kũrũra, “kuwa chungu”, na shina linalofanana nalo lasikika mpaka Kongo, ambako Kilingala husema bololo. Utamu, kinyume chake, ni nomino: kitu huwa na mũrĩo. Kiswahili hutumia zaidi vivumishi, -tamu, -chungu, -kali, -chachu, lakini maneno yake yaliyo makini zaidi ni nomino na vitenzi. Wengi wa watafsiri hawakuliangalia hilo. Wametafuta vivumishi, na walipovikosa wakadhani lugha imekwisha.

Ukali ndilo neno linalotumiwa vibaya kuliko yote. Mgema wa pwani hutofautisha tembo tamu, lililogemwa sasa hivi, na tembo kali, lililokwisha kuchacha. Ukali hapo ni nguvu ya kileo. Lakini kisu ni kikali, mwalimu ni mkali na jua ni kali. Neno limebeba mzigo mwingi. Kwa ule moto ambao wiski changa huuwasha kooni, Kiswahili kina kuwasha, kitenzi cha pilipili. Rai ina tabia hiyo hata kama kileo kimezimuliwa kwa maji, kwa hiyo mwonjaji asemaye “si kali sana lakini inawasha” amesema jambo la kweli ambalo kivumishi kimoja hakiwezi kulisema.

Uchachu na ugwadu vimechanganywa pia. Uchachu una historia ndani yake: kitu kichachu ni kitu kilichochacha, kimepitiwa na chachu. Ugwadu ni ukali wa asidi kama ule wa ukwaju au wa embe lisiloiva, usiohitaji kuchacha. Muratina ya siku ya kwanza haina uchachu mwingi, bali ina kiasi cha ugwadu uliotoka katika asali. Ikiachwa wazi, hewa ikaingia, bakteria huibadilisha pombe kuwa asidi ya siki. Hapo uchachu umeshinda na wazee hawanywi tena. Kwa wiski iliyomaliziwa katika pipa la mvinyo, tone la asidi linalosikika pembeni mwa ulimi ni ugwadu. Kuliita uchachu kungekuwa kumshtaki mtengenezaji kwamba wiski yake imeharibika.

Neno ninalolipenda zaidi ni ukakasi. Aliyeuma ndizi mbichi au kula bibo anaujua: ulimi hukauka na kukwaruza kana kwamba umepakwa vumbi. Ukakasi hausikiki kama ladha. Ni mguso, unaoletwa na tanini zinaposhikana na mate. Siku hizi waandishi wa magazeti wamelichukua neno hili kwa mambo ya siasa, wakisema jambo fulani “lina ukakasi”, nayo ni tamathali nzuri. Maana yake ya kwanza isisahauliwe, kwa sababu ndiyo hasa anayoihitaji mwenye kueleza kile ambacho pipa la mvinyo mwekundu hukiacha katika wiski. Muratina ya asali safi ina ukakasi mdogo, lakini mpishi aliyeharakisha na kutia tunda lisilochemshwa vya kutosha hugunduliwa kwa ukakasi huo na kwa uchungu unaoufuata.

Yapo mengine ambayo nitayapitia upesi. Kinywaji kisicho na ladha ni dufu au chapwa. Kilichofikia kiwango chake kimekolea. Masimbi yanayotua chini ni mashapo, na makapi yaliyokamuliwa ni machicha. Kuipika pombe, kuikusanya kwa mvuke na kuupoza mvuke huo ni kukeneka; ndiyo kazi iliyo kati ya pombe na wiski, na ndiyo iliyo kati ya busaa na chang’aa.

Meru yenyewe yatupa ushahidi kwamba msamiati wa ladha waweza kusitawi na kusafiri ukipata soko. Miraa ya Igembe na Tigania husafirishwa kila siku, na maneno yake yamefika mpaka Mombasa na ng’ambo. Wachumaji huithamini miraa ya mbaine, yaani miti ya wazee wa kale, na kuitofautisha na ya miti michanga. Watafunaji huzungumzia uchungu, ukakasi na utamu unaofuata kwa ufasaha ambao ungemfaa mwonja mvinyo. Huko Mbeere muguka una lugha yake. Kwa nini basi muratina haikupata bahati hiyo? Sababu kubwa ni sheria.

Pombe za kienyeji ziliwekwa chini ya leseni na makatazo tangu wakati wa ukoloni, na makatazo yakaendelea baada ya Uhuru. Sheria ya kupiga marufuku chang’aa ilipitishwa mwaka 1980. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ndiyo iliyoifuta na kuweka masharti mapya ya leseni na ya vyombo. Kwa muda wa miaka mingi, basi, kileo kilichofanywa nyumbani kilikuwa cha kufichwa, na kitu cha kufichwa hakielezwi kwa kirefu. Hunywewa upesi, gizani, na kusifiwa kwa neno moja: kali.

Matokeo yake si ya kilugha tu. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa kunywa vileo vilivyokuwa na methanoli, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana, wengine walipofuka. Hapa sharti tuseme waziwazi mpaka wa sanaa ya kuonja. Methanoli hunuka na kusikika ulimini karibu sawa na kileo cha kawaida. Huchemka katika nyuzi 64.7 za Selsiasi, na kile cha kawaida katika nyuzi 78.3, lakini ulimi hauna kipimajoto. Mzee hodari aliyeweza kusema pombe hii ni ya buyu gani asingeweza kuitambua sumu hiyo iliyotiwa katika chupa. Desturi iliyoenea Afrika Mashariki, ya mwenye pombe kuonja kwanza mbele ya wageni, haikuwa kipimo cha kemia. Ilikuwa dhamana ya mtu anayejulikana kwa watu wanaojuana. Asali iliyochachishwa kwa tunda haizai methanoli ya kudhuru. Sumu ile iliingia kwa mkono wa mfanya biashara asiyejulikana, katika kinywaji ambacho wanywaji wake walikuwa wamekwisha zoea kukidai ukali na kuacha kukidai chochote kingine.

Limebaki neno moja la kuamuliwa, nalo ni lile la umri. Tumesema “wiski changa”. Je, twaweza kusema “muratina changa”? Kiswahili kina njia mbili za kutaja kisichofikia wakati wake. Kitu kibichi huiva; kitu kichanga hukomaa au hupevuka. Nyama ni mbichi, haiwi changa. Mtoto ni mchanga, haitwi mbichi ila kwa tusi. Embe laweza kuwa yote mawili, na mwenye mwembe anajua tofauti: changa halijafikia ukubwa wake, bichi limeufikia lakini halijalainika. Pombe ya asali hutiwa bichi jioni na kuiva baada ya siku chache, kwa kadiri ya joto la jiko; ikiisha kuiva haikomai, bali huanza kuharibika. Kwa hiyo wapishi wana haki wanaposema “pombe haijaiva” wala hawasemi “haijakomaa”. Wiski kinyume chake hutoka katika mtambo ikiwa imekwisha kuiva, kwani hakuna cha kuchacha kilichobaki ndani yake, nayo huingia pipani ikiwa changa. Pipa la mvinyo haliwezi kuiivisha. Laweza kuikomaza kidogo, na laweza pia kuufunika uchanga wake kwa kisukari na rangi. Mwonjaji anayetaka kujua lipi kati ya mawili hayo limetendeka, na aongeze maji kidogo, aache kionjo kitulie, kisha asikilize kama ukakasi uliobaki ulimini unatoka katika zabibu au katika mwaloni mpya.